Brashi za nywele: ipi ya kipilipili, ipi ya dawa, ipi ya singa, na zipi uziache dukani

Nianze na hukumu, maelezo yafuate, mana najua wengine mnasoma mkiwa mmesimama kwenye daladala. Kama nywele zako ni kipilipili na hela inatosha kitu kimoja tu, nunua ile brashi ya plastiki laini ambayo meno yake yamekaa kwenye mistari inayoachana, ukiipitisha kila mstari unajipinda kivyake, na uitumie nywele zikiwa zimelowa na zina kondishena ya kutosha. Kama zina dawa, chanuo la meno mapana kwanza alafu brashi bapa yenye mto. Kama ni singa, hiyo bapa peke yake inakutosha kabisa na zile za bei mbaya ni anasa tu, sikukatazi. Na kama mnakaa watu wa nywele tofauti nyumba moja, kila mtu na brashi yake, hapo sibembelezi mtu.

Hapa kwetu Tabata, Dar, nina vichwa vya kujaribia vya kila aina bila hata kutoka nje ya geti. Mimi mwenyewe kipilipili, nyingi, sina dawa. Mdogo wangu wa kike alingoja amalize fomu foo tu, si mnajua shule zetu na habari ya kunyoa, wiki ileile akaweka dawa na hajarudi nyuma. Wifi yangu katoka Unguja, singa mpaka kiunoni, akizifungua sebuleni tunanyamaza wote kwa wivu. Binti yake kachukua za baba na za mama kwa mkupuo, juu mawimbi, kisogoni vipilipili vimejificha huko chini. Alafu yupo mdogo wetu wa mwisho wa kiume, anatafuta mawimbi ya 360, yani yale yanayozunguka kichwa kizima, huyo anapiga brashi kuliko wanawake wote wa nyumba hii tukijumlishwa. Kwaiyo nikisema brashi fulani haifai simaanishi haifai kwangu tu.

Kabla ya brashi zenyewe, hizi namba za aina za nywele. Kila binti siku hizi anauliza eti mi ni 4B au 4C. Zilianzia kwa Andre Walker, yule aliyekuwa anamtengeneza nywele Oprah Winfrey, akazigawa kuanzia 1 zilizonyooka, 2 za mawimbi, 3 za mikunjo, mpaka 4 ambazo ndo kipilipili zetu, herufi zikafuata. Sio mbaya, zinasaidia kuongea. Ila ukifika dukani kununua brashi namba inakufikisha nusu ya njia. Nusu nyingine ni vitu ambavyo hakuna anayekuuliza: nywele zako ni nyingi au chache, unywele mmoja mmoja ni mnene au mwembamba, na umezifanyia nini, dawa, rangi, pasi. Unene ni rahisi kupima, chukua unywele mmoja uliodondoka uuzungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, usipousikia kabisa ujue ni mwembamba, na mwembamba unakatika hata kama kichwani umejaa msitu. Mimi na rafiki yangu wote eti 4C, ila zake nyembamba mno, brashi ninayoipitisha mimi bila shida kwake inaondoka na kiganja cha nywele.

Alafu kuna hili ambalo naomba mlisome taratibu, mana ndo kiini cha kila kitu. Unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa darubini haupo duara, ni bapa-bapa, umejipinda njia nzima, na kila penye kona ndo pa kukatikia. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kushuka hizo kona zote, ndo mana mizizi inaweza kuwa na mafuta na ncha zimekauka kabisa. Singa mafuta yanateremka yenyewe, na brashi inayasaidia kufika chini. Kwaiyo ule ushauri wa kizamani wa kupiga brashi mara 100 kabla ya kulala ulikuwa wa watu wa singa, ukiufanya kwenye kipilipili kavu unajipunguzia nywele kwa mkono wako mwenyewe. Na maji pia ni kinyume. Singa ikilowa inavutika na kukatika kirahisi, wao wanaambiwa wasubiri zikauke kidogo. Sisi chanuo linahitaji nguvu ndogo zaidi nywele zikiwa zimelowa kuliko zikiwa kavu. Sasa pakiti nyingi nyuma zimeandikwa kwa ajili ya kichwa cha wifi, alafu sisi tunafuata neno kwa neno alafu tunasema nywele zetu ngumu. Sio ngumu, umezichana kavu.

Haya, twende kwenye bidhaa.

Ile ya mistari inayoachana. Huko Marekani umbo hili limepata jina sana kupitia Felicia Leatherwood, msusi anayemtengeneza nywele mwigizaji Issa Rae, ana brashi yake orijino inayoitwa kwa jina lake. Ya kwake sijaiona ikiuzwa hapa, zilizojaa Kariakoo ni kopi zisizo na jina, rangi ya waridi, zambarau, nyeusi, bei inacheza kwenye elfu 3 mpaka elfu 7 kutegemea mtaa na uso wako siku hiyo. Na ntasema ukweli, kopi inafanya kazi. Siri yake ni kwamba ikikutana na fundo, ule mstari unanyooka na kulikwepa badala ya kulivuta, kwaiyo fundo linafunguka polepole. Gawa kichwa mafungu, mimi huwa nagawa manne mpaka sita, paka kondishena mpaka nywele ziteleze, anzia nchani panda kidogo kidogo kuelekea mizizini, mkono mwingine umeshika fungu kwa juu ili kichwa kisivutwe. Ukianzia mizizini brashi yoyote duniani itakuumiza usije ukailaumu brashi. Ubaya wake ni mmoja, mistari inakatika pale inapoungana na mpini, hasa ukiwa unaitumia kwa hasira, na ikishakatika mmoja pale pembeni panabaki plastiki kali. Itupe. Kwa nywele fupi sana, zile za inchi moja hivi, haina kazi, haishiki kitu.

Denman D3. Hii inabidi niikalie kidogo mana ndo inayotajwa na kila mtu wa nywele natural. Ni ya kampuni ya Ireland ya Kaskazini, wapo tangu 1938, mpini mweusi, mto wa raba nyekundu, mistari 7 ya meno ya naironi yenye ncha za mviringo. Ilikuwa maarufu kwa kunyooshea nywele na draya, yani kazi ya singa, alafu watu wa mikunjo wakaichukua wakaifanya yao kwa sababu ukiipitisha kwenye fungu dogo lenye maji na jeli, ile mikunjo inajipanga pamoja na kutoka inang'aa. Kwa binti wa wifi, pale juu penye mawimbi, matokeo ni mazuri mpaka yanaudhi. Kwangu ikiwa kamili na mistari yake yote 7 inavuta, nywele zangu nyingi na meno yamebanana mno. Ila uzuri wake, na hapa ndo pesa yako inapokwenda, ule mto wa raba unatoka. Unausukuma uchomoke kwenye mpini, kwa nyuma unaona kila mstari wa meno ni utepe wake, unachomoa mstari mmoja unaruka mmoja, unarudisha mto. Ikibaki na mistari minne inakuwa brashi nyingine kabisa, inapita kwenye kipilipili bila kelele. Na kusafisha hivyohivyo, unaifungua, unaisugua, unaianika vipande vipande, haioti ukungu ndani. Ukishazoea hiyo huwezi kurudi kwenye brashi isiyofunguka.

Tatizo ni kuipata orijino. Kuna duka silitaji waliniuzia D3 kwenye boksi zuri, maandishi yamenyooka, bei ya orijino, nafika nyumbani mto hautoki, umegundishwa, na baada ya muda mfupi meno yakaanza kuzama ndani ya raba hayarudi. Kwaiyo kama unataka kujua haraka mbele ya muuzaji, mwambie akutolee mto. Akisema utaharibika, asante kwa muda wake. Kama una ndugu Uingereza muagizie, huko ni kitu cha kawaida cha duka la dawa, sio anasa. Na kama hupati orijino, kwa kipilipili mi nasema wala usiumie, ile ya elfu 5 ya mistari inayoachana itafanya robo tatu ya kazi na hiyo robo iliyobaki ni kupanga mikunjo kwa ajili ya picha.

Tangle Teezer. Waingereza tena. Shaun Pulfrey, mtu wa kupaka rangi nywele, alienda nayo kwenye kipindi cha televisheni cha Dragons' Den mwaka 2007, kile ambacho watu wanaomba mtaji kwa matajiri, wote wakamkatalia, akaenda kuwa tajiri bila wao. Hiyo stori naipenda kuliko brashi yenyewe. Meno yake ni ya urefu wa aina mbili, marefu yanaachanisha mafundo na mafupi yanalaza. Ile ya kwanza haina mpini, unaikamata kwa kiganja, sasa fikiria mkono una kondishena, bafu lina sabuni, inaruka mpaka chooni. Kwa wifi ni nzuri mno, akitoka kuoga anapitisha mara chache na fundo hakuna. Kwa mtoto wake ikifika kisogoni inateleza juu-juu, unadhani umemaliza kumbe chini kote mafundo yapo, keshokutwa unakutana na zulia. Wametoa za nywele nene na za mikunjo, meno marefu na magumu zaidi, zenye mpini, kama unaweza kuchagua chagua hizo. Ila kwa kipilipili nyingi bado sioni inanipa nini ambacho ile ya elfu 5 hainipi. Kopi zake mjini zipo mpaka za buku, plastiki yake ngumu inakwaruza ngozi, hizo hata kwa mwanasesere usitumie.

Chanuo. Najua nimeambiwa niandike brashi, lakini ukiandika nywele za Kiafrika ukaacha chanuo umeandika nusu. Machanuo yamekutwa kwenye makaburi ya kale ya Misri na Kushi, yani Sudan ya leo, mengine yana umri unaozidi miaka 5000, na mwaka 2013 jumba la makumbusho la Fitzwilliam pale Cambridge walifanya maonyesho mazima ya historia ya chanuo la afro. Sisi wenyewe pwani tunayo machanuo ya mbao ya kuchonga, Lamu na Unguja bibi zetu wanayo kwenye makabati, nakshi mgongoni, wengine wanadhani ni pambo. Sio pambo. Chanuo la mbao lililosuguliwa vizuri halina mshono, na mshono ndo adui. Chukua chanuo la plastiki la shilingi 500 uliangalie kwa karibu, katikati ya kila jino kuna mstari mwembamba ambapo vipande viwili vya kalibu vilikutana, ule mstari ni wembe mdogo. Kila ukipitisha unakwangua ngozi ya juu ya unywele. Hutaona leo, utaona baada ya miezi ncha zimechanika na nywele hazirefuki, alafu utaanza kutafuta mafuta ya kukuza nywele wakati mchawi unaye mkononi. Tumia msasa laini ukiwa na subira, au nunua la mbao, ila la mbao usiliache ndani ya maji, paka mafuta ya nazi kidogo mara moja moja.

Sasa wenye dawa. Dawa inafanya kazi kwa kuvunja vile vifungo vya ndani vya unywele vinavyoupa umbo la kujikunja, ndo mana unanyooka, na ndo mana unabaki dhaifu kuliko ulivyokuwa. Watu wakishaweka dawa wanajiona wamekuwa singa, wanashika brashi yoyote. Mdogo wangu alikuwa na ile ya duara ya kuviringishia, anaweka draya ya moto huku anavuta, pembeni mwa paji la uso nywele zikaanza kusogea nyuma. Brashi ya duara ina kazi yake, inatoa umbo, ndogo inakunja sana na kubwa inanyoosha tu, lakini ni ya mara moja moja na iachwe kwa mtu anayejua, na sio zile za chuma zinazoshika moto mpaka zinapika nywele pande mbili. Kwa kila siku chanuo la meno mapana, alafu brashi bapa yenye mto wa raba na meno yaliyoachana. Pale kwenye kuota, yani mizizi mipya ya kipilipili inapokutana na ncha zenye dawa, ndo panakatika kuliko kote, kwaiyo ukiwa umekaa miezi bila kurudia dawa chana hapo ukiwa umelowesha na kondishena, kama mtu wa kipilipili. Sehemu hiyo ni kipilipili tu, usiionee.

Kwenye hizo bapa angalia vile vidoadoa vya mwisho wa meno. Ni vimpira vidogo vimegandishwa, na kwenye brashi za bei chee vinadondoka kimoja kimoja, ukibaki na meno matupu unajichana na sindano. Brashi bora meno na ncha ni kipande kimoja. Na ule mto una tundu dogo la hewa, maji yakiingia hapo hayatoki, kwaiyo ukiosha isimamishe au ilaze kifudifudi, meno yatazame chini.

Brashi za nyuzi laini, zile zilizobanana. Hapa wenzangu Waislamu msikilize, na wa Unguja na Mombasa zaidi. Nyingi kati ya brashi za kifahari za nyuzi asilia ni manyoya ya nguruwe. Kwenye boksi wanaandika boar, na wauzaji wengi watakwambia ni manyoya ya asili tu, basi. Wifi alipewa zawadi nzuri ya mpini wa mbao, akaipenda, siku tumesoma boksi akaiweka chini polepole akaenda kunawa. Wengi hawaitaki kabisa na ni haki yao kujua kabla hawajalipa, mi nashangaa maduka yetu ya pwani hayabandiki lebo. Zipo za manyoya ya mbuzi, hasa za watoto wachanga, zipo za farasi, na naironi laini zinafanya kazi karibu ileile. Mason Pearson wa Uingereza, ambao brashi yao ya mto wa raba ilianza mwaka 1885, wana za nguruwe tupu, za kuchanganya na naironi, na za naironi tupu, saizi kubwa zinavuka pauni 100. Ni brashi nzuri sana. Ni ya kichwa cha singa kinachotaka mafuta yashuke na nywele zing'ae, mtu wa kipilipili akiinunua amenunua pambo la meza, inapita juu ya nywele haiingii. Kazi pekee ninayoipa brashi ya nyuzi laini kwenye kichwa changu ni kulaza nywele za mbele na jeli nikibana, na kwa hiyo kazi mswaki mzee unatosha.

Ila kwa mawimbi ya vijana, hapo ndo mahali pake. Nywele fupi, brashi ya nyuzi ngumu za wastani iliyopinda kufuata kichwa, pomedi kidogo au mafuta, unapiga kutoka utosini kwenda nje kila upande, kila siku, usiku unafunga duragi, kile kitambaa cha kulaza nywele. Kijana wetu alianza na ile ngumu kabisa akidhani mawimbi yanakuja kwa nguvu, ngozi ikachubuka ikaanza kuwasha. Ngumu ni ya nywele zikishakuwa ndefu kidogo kabla ya kwenda kwa kinyozi, za wastani ndo za kila siku, laini ya kumalizia. Na karibu zote kwenye hizi brashi za mawimbi ni nguruwe vilevile, aulize.

Kufumua rasta. Hii sio brashi lakini ndo siku watu wanalaumu brashi. Kawaida mtu anadondosha nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku. Ukiwa umesuka hazina pa kudondokea, zinakaa humohumo, kwaiyo ukikaa na rasta wiki 6, ambazo ni siku 42, siku ya kufumua unakutana na nywele 2100 mpaka 4200 zilizokuwa zishatoka zamani. Unaziona kwenye brashi unalia. Ziangalie mwishoni, zenye kidoa cheupe kwenye shina zimedondoka zenyewe, vipande vifupi visivyo na kidoa ndo vimekatika, na hivyo ndo vya kukutia wasiwasi. Ule uchafu unaoganda pale msuko ulipoanzia uloweshe na mafuta au kondishena, ufungue kwa vidole kabla hujagusa chanuo, kabla ya kuosha. Ukiweka maji na shampuu kwanza unatengeneza kamba. Baadhi ya saluni wanapitisha kitana kavu hapohapo, eti vumilia mama, mi siku hizi nafumulia nyumbani nikiangalia tamthilia.

Wigi na wivingi zina brashi yake, ile yenye nyuzi zilizopindwa zikawa vitanzi au ya waya zisizo na vimpira, ili isinase kwenye kofia ya wigi au mshono. Zipo kwenye maduka ya nywele, bei ndogo. Usitumie yako ya kichwa, na wigi la nyuzi za bandia usilichane na draya ya moto linasinyaa.

Watoto. Nimemuahidi wifi ntaliandika. Mtoto anayelia kila Jumapili hadeki, mara nyingi brashi ni ngumu au mama ana haraka. Ile ya mistari inayoachana ndo imemaliza vita hapa ndani, pamoja na chupa ya kupulizia ya maji yenye kondishena kidogo. Mwachie aanze mwenyewe nchani, we umalizie. Na usichangie brashi ya mtoto na mtoto mwenzake mana mapunye yanapita kwenye machanuo na brashi, ni fangasi yule, anasafiri na unywele ulionasa. Mtoto mmoja akirudi na duara lisilo na nywele mpeleke akaangaliwe, brashi yake itupe, usiipe moyo wa huruma. Saluni nako, ukiona brashi ya mteja aliyeondoka inaingia kichwani kwako bila hata kupanguswa, sema. Au nenda na yako kwenye mkoba, wasusi wengi hawanuni, wanaonuna ndo hao hao.

Kusafisha kwenyewe sio kazi kubwa, toa nywele zilizonasa kila wiki kwa mkia wa kitana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na shampuu, sugua na mswaki, anika kivulini. Za mbao usiloweke. Mwaka 1898 kuna mwanamke mweusi wa New York, Lyda Newman, alisajili hataza, yani haki ya uvumbuzi, ya brashi ambayo sehemu ya nyuzi inatoka ili uchafu usafishwe kirahisi na hewa ipite. Zaidi ya karne imepita na bado nusu ya brashi za dukani hazifunguki, sijui tunawaza nini.

Mwisho, kununua. Kariakoo, Mtaa wa Kongo na mitaa inayouzunguka, maduka ya vipodozi yamepangana na bei ya jumla unapewa hata ukichukua chache, jioni machinga wanashusha zaidi ila hapo hakuna kurudisha. Kwa wa Nairobi, Dubois Road ndo kwenyewe. Usinunue brashi ambayo hujaigusa. Ibonyeze meno kwa ndani ya kifundo cha mkono, ngozi ya pale ni laini inakwambia ukweli, ikikuchoma pale itakuchoma kichwani. Sukuma jino moja pembeni uone linarudi au linabaki limelala. Ipinde kidogo pale mpini unapoungana, usikie inalia au imetulia. Inuse, plastiki inayonuka sana mi siweki kichwani. Kwa chanuo pitisha ukucha katikati ya meno ukitafuta ule mshono, pitisha kote, mana jino la kwanza wanalisafisha vizuri la mwisho wanaliacha. Muuzaji atakwambia dada zote ndo zipo hivyo. Akikataa usifungue pakiti nenda duka la pili, Kongo haijaishiwa maduka.